Herufi mbovu kwenye kompyuta zatafuna fedha za makampuni

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaopokea taarifa za bei za minada kwa njia ya kompyuta wanaifahamu hali hii. Faili limetumwa likiwa safi, limefunguliwa kwenye Excel, na pale palipotakiwa kusomeka ng'ombe pamesomeka ng’ombe. Bei iko sawa, idadi iko sawa, mnada ni ule ule, lakini mnyama mwenyewe hajulikani tena. Karani hucheka, husahihisha kwa mkono, na kazi huendelea.

Kicheko hicho kina gharama yake. Neno hilo likishaingia kwenye hifadhidata ya kampuni katika sura tatu au nne tofauti, mtu anayetafuta jumla ya mauzo ya ng'ombe kwa mwezi ataletewa sehemu tu ya mauzo hayo. Mengine yapo, hayakufutwa, ila kompyuta haiyahesabu pamoja kwa kuwa kwake hayo ni maneno mengine kabisa. Hesabu inayotoka haina kosa la kujumlisha, na ndiyo sababu hata mkaguzi anaweza kuipita bila kuishtukia.

Kiini cha tatizo ni kwamba kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na kila namba inasomwa kwa jedwali linalosema namba fulani ni herufi fulani. Aliyeandika akitumia jedwali moja na msomaji akitumia jingine, maandishi huharibika ingawa namba zenyewe hazikuguswa. Ni sawa na wahasibu wawili wanaotumia kitabu kimoja cha hesabu, mmoja akidhani ni shilingi za Tanzania na mwingine za Kenya.

Majedwali hayo ni mengi kwa sababu za kihistoria. Wamarekani walipitisha jedwali la ASCII mwaka 1963, lenye nafasi 128 tu, zilizotosha Kiingereza chao. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM ikatoa mitambo yake ya System/360 ikiwa na jedwali lake yenyewe, EBCDIC, ambamo herufi A kubwa ni namba 193 wakati katika ASCII ni 65. Mabenki mengi makubwa duniani yalijengwa juu ya mitambo ya IBM, na baadhi yake yanaitumia hadi leo. Baadaye kila eneo likaongeza herufi zake: Ulaya Magharibi wakapata jedwali la ISO 8859-1 mwaka 1987, Warusi lao, Waarabu lao, na Microsoft nayo ikatengeneza yake kwa ajili ya Windows.

Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ilikusudia kumaliza vurugu hiyo kwa kuipa kila herufi ya dunia namba moja. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni njia ya kuzihifadhi namba hizo inayoitwa UTF-8, ambayo herufi za kawaida za ASCII huchukua baiti moja kama zamani, na nyingine huchukua mbili, tatu au nne. Njia hiyo ndiyo imeshinda sokoni. Hata hivyo, ushindi wake haukuyafuta majedwali ya zamani yaliyomo ndani ya hifadhidata za makampuni.

RITIFAA INAYOPINDA

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna bahati ambayo Wafaransa na Wajerumani hawana. Herufi zetu zote zimo katika ASCII. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba janga hili litupite kando, na kwa kiasi kikubwa limetupita, isipokuwa kwa ile ritifaa ya ng'ombe, ng'ambo na king'amuzi.

Ritifaa iliyo kwenye kibodi ni ya kunyooka na imo katika ASCII, namba 39. Lakini programu za kuandikia barua, Microsoft Word ikiwa mojawapo, huibadilisha zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo machoni inapendeza zaidi. Hiyo iliyopinda haimo katika ASCII. Katika jedwali la Windows ni namba 146, katika Unicode ni 8217, na katika UTF-8 inakuwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayosoma baiti hizo tatu kwa jedwali la Windows itaonyesha â, kisha €, kisha ™. Hapo ndipo sarafu ya Ulaya inapojitokeza katikati ya ng'ombe wa mnada wa Pugu.

Kuna ubaya wa pili wa ritifaa. Ile ya kunyooka ndiyo alama ambayo lugha ya SQL hutumia kufungua na kufunga maneno, hivyo programu iliyoandikwa kizembe huanguka mteja mwenye jina kama Ng'ang'a anapojaza fomu. Baadhi ya watengenezaji wa programu hulikwepa tatizo hilo kwa kuifuta ritifaa, wengine huibadilisha kuwa ile iliyopinda. Matokeo yake mteja mmoja ana akaunti tatu: Ng'ang'a, Ng’ang’a na Nganga. Kampuni inayokopesha ikitafuta madeni yake kwa jina itaona akaunti moja na kumkopesha tena. Dawa inayofaa ipo na ni ya zamani: programu itume jina kwa hifadhidata likiwa limetengwa na amri yenyewe, bila kubadilisha chochote. Mtaalamu anayesema hilo ni gumu aulizwe vizuri.

GHARAMA YA MESEJI

Sehemu ambayo ritifaa hii huonekana moja kwa moja kwenye ankara ni katika ujumbe mfupi wa simu. Makampuni ya bima, vyama vya ushirika, shule na maduka hutuma meseji kwa maelfu ya wateja kwa pamoja na hulipa kwa kila meseji.

Meseji moja ina nafasi ya baiti 140. Kwa kutumia jedwali la mitandao ya simu za GSM, ambalo herufi moja huchukua biti saba, nafasi hiyo inatosha herufi 160. Ritifaa ya kunyooka imo katika jedwali hilo, iliyopinda haimo. Ikiwemo hata moja tu, ujumbe wote hubadilishwa na kutumwa kwa namna ambayo kila herufi inachukua baiti mbili, na nafasi inashuka kuwa herufi 70. Ujumbe mrefu zaidi ya hapo hukatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja, kwa kuwa sehemu ya nafasi hutumika kuviunganisha.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye wateja 20,000 inayotuma ujumbe wa herufi 150. Ukiandikwa kwa ritifaa ya kunyooka ni meseji moja kwa kila mteja, jumla 20,000. Mtu wa masoko akiuandika ujumbe huo huo katika Word na kuunakili kwenye mtambo wa kutumia, ukiwa na neno kama ng'ambo ndani yake, kila mteja anatumiwa vipande vitatu na ankara inakuja ya meseji 60,000. Wateja wameupokea na kuusoma vizuri, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Baadhi ya makampuni ya kusambaza meseji huibadilisha alama hiyo yenyewe kabla ya kutuma, mengine huacha kama ilivyo. Hili linafaa kuulizwa kabla ya kutia saini mkataba, na jibu liwe la maandishi.

ALAMA ZA FEDHA

Kwa ukurasa wa masoko hatuwezi kuliacha suala la alama za sarafu. Pauni ya Uingereza ilianza kuleta utata zamani: jedwali la Waingereza la biti saba liliiweka £ mahali pale pale ambapo Wamarekani waliweka #, hivyo bei iliyoandikwa London kwa pauni ikisomwa kwa mtambo wa Marekani ilitoka na alama ya #. Siku hizi hutoka kama £, kwa kuwa katika UTF-8 pauni ni baiti mbili.

Yuro ni kisa kirefu zaidi. Sarafu ilikuwa ianze kutumika katika hesabu tarehe 1 Januari 1999, na majedwali yote ya zamani hayakuwa na alama yake. Unicode iliipa namba 8364 mwaka 1998. Microsoft iliiweka kwenye nafasi ya 128 ya jedwali lake. Wale wa ISO wakatengeneza jedwali jipya, 8859-15, wakaiweka kwenye nafasi ya 164, ambayo katika jedwali la awali ilikuwa ya alama isiyo ya sarafu yoyote, ¤. Yuro moja, makazi matatu. Faili la bei lililoandikwa kwa jedwali moja na kusomwa kwa jingine huonyesha alama hiyo ya duara yenye miguu minne, na mnunuzi asiyeifahamu anaweza kudhani ni dola au chochote apendacho.

Kwa maoni yetu alama hizi hazina kazi ndani ya hifadhidata. Kiasi kiwekwe kama namba katika safu yake, na sarafu iwekwe katika safu nyingine kwa zile herufi tatu za kimataifa ambazo mabenki huzitumia: TZS, KES, UGX, EUR, GBP. Herufi hizo zimo katika kila jedwali lililotajwa hapa. Alama ya sarafu ichapwe mwishoni tu, kwenye ankara.

MAJINA YA WATU

Kanda yetu si ya Kiswahili peke yake. Kikuyu kina ĩ na ũ, Luganda ina ŋ, na hati za mizigo inayokwenda Lubumbashi au Bujumbura zina é na ç za Kifaransa. Herufi za Kifaransa zimo katika jedwali la Ulaya Magharibi, lakini ĩ, ũ na ŋ hazimo. Hifadhidata inayotumia jedwali hilo ikiletewa jina Wambũi ama hulikataa, ama huandika Wamb?i na kuendelea na kazi.

Tofauti kati ya herufi iliyovurugika na alama ya kuuliza inafaa ieleweke na kila meneja. Société iliyogeuka kuwa Société inaweza kurudishwa, maana namba zake zipo zote. Lakini alama ya kuuliza ni namba 63 halisi iliyoandikwa juu ya herufi iliyokuwapo. Hakuna mtaalamu atakayeirudisha isipokuwa awe na nakala ya zamani au fomu ya karatasi.

Katika Ulaya suala hili limeshafika mahakamani. Mteja wa benki moja nchini Ubelgiji alidai jina lake liandikwe na alama yake ya juu ya herufi kama linavyotakiwa. Benki ilijitetea kwamba mtambo wake wa zamani, unaotumia EBCDIC, hauwezi kuonyesha alama hiyo. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua dhidi ya benki, kwa msingi wa sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi inayompa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake. Uchakavu wa mtambo haukukubaliwa kuwa udhuru. Kampuni ya huku kwetu inayotunza majina ya wateja walioko Ulaya haina sababu ya kudhani uamuzi huo hauihusu.

PROGRAMU ZENYEWE ZINA MAKOSA YAKE

Hifadhidata ya MySQL, inayotumika sana na makampuni madogo kwa kuwa inapatikana bure, ilitengenezwa na kampuni ya Sweden, na kwa miaka mingi jedwali lake la kawaida lilikuwa lile la Ulaya Magharibi, likipanga majina kwa utaratibu wa alfabeti ya Kiswidi. Ni mwaka 2018 tu, katika toleo la 8.0, ndipo kawaida yake ilipobadilishwa kuwa Unicode kamili. Mitambo iliyofungwa kabla ya hapo na kutoguswa ingali na Kiswidi ndani yake.

Kibaya zaidi, tangu toleo la 4.1 MySQL ilikuwa na chaguo liitwalo utf8 ambalo si UTF-8 kamili. Linapokea herufi za hadi baiti tatu tu. Chaguo kamili, utf8mb4, liliongezwa mwaka 2010. Wakati ule baiti ya nne haikuonekana kuwa na maana kwa mfanyabiashara, lakini vile vipicha ambavyo watu huweka kwenye meseji karibu vyote vinahitaji baiti nne. Katika matoleo yasiyowekewa ukali, hifadhidata ikikutana na kipicha hicho hukata maandishi yote kuanzia hapo. Mteja akiandika "Nitachukua mifuko 40 👍 lakini msilete kabla ya Ijumaa", kinachohifadhiwa ni "Nitachukua mifuko 40". Gari linapakiwa Jumatano. Kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2015 kawaida ni kukataa maandishi hayo kwa ujumbe wa kosa, jambo linalokera zaidi lakini ni la haki.

Wenye Oracle wasijione wako salama kwa kuwa wamelipa. Mtambo wa karani ukitangaza kwamba unatumia jedwali lile lile la hifadhidata, Oracle haikagui wala kubadilisha, hupokea baiti kama zilivyo. Tangazo likiwa la uongo, takataka huingia na kukaa miaka, na huonekana sawa kwa wote wenye mipangilio ile ile ya uongo mpaka siku programu mpya inapoletwa. PostgreSQL nayo ina mpangilio uitwao SQL_ASCII, na jina hilo linapotosha: maana yake ni kwamba hakuna ukaguzi wowote. Kwa upande wa SQL Server, safu inaweza kuwa tayari kwa Unicode lakini maandishi ndani ya amri yakikosa herufi N mbele yake, hupitishwa kwanza katika jedwali la zamani na kutoka na alama za kuuliza.

KUTENGENEZA

Jambo la kwanza ni kutokuamini kioo. Kinachoonekana kwenye kioo kimepitia majedwali mawili au matatu, na makosa mawili yanaweza kufutana na kuonyesha neno zuri. Mtaalamu aombe hifadhidata imwonyeshe baiti zenyewe, kwa amri ya HEX au inayofanana nayo. Kwa ritifaa yetu majibu ni machache. Akiona 27 ni ile ya kunyooka. Akiona 92 ni iliyopinda kwa jedwali la Windows. E28099 ni iliyopinda kwa UTF-8, yaani ni nzima. Akiona C3A2E282ACE284A2, ritifaa hiyo imebadilishwa kuwa UTF-8 mara mbili, baiti nane badala ya tatu. Akiona 3F, imepotea.

Ugonjwa unaokutwa mara nyingi ni safu iliyoandikiwa kuwa ni ya jedwali la Ulaya Magharibi huku ndani mna UTF-8 nzima. Hapa watu wengi hukosea kwa kuitaka hifadhidata iibadilishe safu hiyo kuwa UTF-8. Hifadhidata hutii, na kwa kutii inazibadilisha baiti zilizokuwa nzima, na sasa zimeharibika kweli. Njia inayotakiwa ni kuigeuza safu kwanza iwe ya baiti tupu zisizo na lugha, kisha kuitangaza kuwa ni UTF-8. Kwa utaratibu huo hakuna baiti inayoguswa, ila jina la jedwali tu ndilo linasahihishwa.

Kwa zile zilizobadilishwa mara mbili, hurudishwa hatua moja nyuma: zisomwe kama UTF-8, ziandikwe kwa jedwali la Windows, na baiti zitakazotoka zichukuliwe kuwa UTF-8. Taabu ni kwamba mara nyingi mistari haifanani. Ile ya kabla ya mtambo mpya iko hivi, ya baadaye iko vile. Kwa hiyo kila mstari ujaribiwe peke yake: kama ukirudishwa nyuma unatoa UTF-8 halali, basi uwezekano ni mkubwa sana kwamba ulikuwa umebadilishwa mara mbili, kwa kuwa maandishi ya kawaida yenye herufi hizo ni nadra kuwa UTF-8 halali kwa bahati tu. Usipotoa, uachwe ulivyo na uorodheshwe kwa ajili ya karani. Aidha kazi yote ifanyike kwenye nakala, si kwenye hifadhidata inayohudumia wateja. Anayeanza kwa kutafuta ’ na kubandika ritifaa mahali pake katika hifadhidata hai, bila kuangalia baiti, anaficha ushahidi ambao mwenzake atauhitaji.

Upana wa safu nao usisahauliwe. Safu ya jina yenye nafasi 30 katika Oracle kwa kawaida ni baiti 30, si herufi 30, na jina lililokuwa linatosha kwa jedwali la zamani linaweza kuzidi likigeuzwa. Katika MySQL za zamani faharasa ya safu ilikuwa na kikomo cha baiti 767, kwa hiyo herufi 255 za baiti tatu zilitosha, lakini za baiti nne hazikutosha, na wataalamu wakalazimika kushusha hadi 191. Anayekuta namba hiyo ya ajabu, 191, katika mpangilio wa hifadhidata yake sasa anajua ilikotoka.

Mafaili ya CSV yanayopita kati ya kampuni na wakala wake ndiyo mlango unaoingiza uchafu huu kila wiki. Excel ikifungua faili la UTF-8 lisilo na zile baiti tatu za utambulisho mwanzoni, inaweza kulisoma kwa jedwali la Windows. Zikiwekwa, Excel hulisoma vizuri, lakini programu nyingine zitaona  mbele ya kichwa cha safu ya kwanza na kulalamika kwamba hakuna safu iitwayo Tarehe. Wanaouziana taarifa waandike katika makubaliano yao faili litakuwa la aina gani, kama wanavyoandika tarehe ya malipo.

Kabla ya kupokea mtambo mpya kutoka kwa muuzaji, meneja anaweza kuandaa mteja mmoja wa majaribio ambaye jina na maelezo yake yana ritifaa zote mbili, ũ, é, £, € na kipicha kimoja, na maneno mengine baada ya kipicha hicho. Aingizwe kwenye fomu, atafutwe kwa jina, atolewe kwenye faili, arudishwe, atumiwe meseji na achapiwe risiti. Mashine za risiti nyingi zina jedwali lake lenyewe lililowekwa kiwandani, na hapo ndipo mitambo iliyopita hatua nyingine zote huanguka.